Dada wa Mwaloni, achana na mvulana anayekula tofaa

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mi nipo soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nauza dagaa na kayabo, pia namsaidia bosi mahesabu. Wateja wetu wengi ni Wakongo na Warundi. Na mimi wanaongea Kiswahili chao, ila wakianza kujadili bei wenyewe kwa wenyewe au wakipigiwa simu na mabosi wao wanahamia Kifaransa, nabaki natoa macho tu. Toka mwaka jana najifunza kwenye app, maneno ninayo mengi ya wanyama, rangi, matunda, lakini nikiwasikia sishiki kitu. Nianzie wapi? Nishike maneno gani kwanza? Na nijifunze cha Kongo au cha Ufaransa? Cheti nacho kinapatikana wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma swali lako nikacheka kidogo, sio kwa ubaya, ni vile hizo app nazijua, karibu zote zinafanana, mvulana anakula tofaa, paka anakunywa maziwa, tembo ni mkubwa, unapanda leveli mpaka simu inakupigia makofi na bado hujui kusema "magunia mawili hayajafika". Sasa pale Mwaloni nani atakuuliza habari za tembo jamani. Hayo maneno uliyonayo usiyatupe, yatakufaa siku moja, ila kuna jambo nataka nilitaje mapema kabla ya mengine yote: hiyo app inakufundisha Kifaransa kupitia Kiingereza. Kila neno linapita kwanza kwenye Kiingereza ulichokisoma sekondari, alafu ndo lije kwenye Kiswahili kichwani kwako, na mteja aliyeshika simu hawezi kukusubiri umalize hiyo safari. Kibaya zaidi ni kwamba sehemu nyingi Kifaransa kimekaa kama Kiswahili kuliko kilivyokaa kama Kiingereza, kwahiyo unazunguka Shinyanga kwenda Sengerema.

Ngoja nikuoneshe. Sisi tunasema nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina bahati, nina kazi, nina miaka ishirini na sita. Mfaransa naye anasema hivyo hivyo, "ana" njaa: j'ai faim, j'ai soif, j'ai sommeil, j'ai de la chance, j'ai du travail, j'ai vingt-six ans. Mtu aliyepitia Kiingereza lazima akwame hapo, atasema "je suis faim", kwamba yeye mwenyewe ndo njaa. We ukitoka moja kwa moja kwenye "nina", kwa hayo hukosei. Hilo j'ai ukilishika vizuri umeshapata nusu ya mazungumzo ya siku nzima, na kinyume chake ni je n'ai pas, sina: je n'ai pas d'argent, sina hela, je n'ai pas le temps, sina muda.

Kingine hiki wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka nikiandike ubaoni. Ukimuuliza mtu umekula, anakwambia "ndo nimetoka kula sasa hivi". Kifaransa: je viens de manger, neno kwa neno ni natoka kula. Nimetoka kulipa, je viens de payer. Ametoka kuondoka, il vient de partir. Na mbele pia hivo hivo, naenda kulipa, je vais payer. Kwa hiyo kwa kuanzia hauna haja ya kukariri jedwali zima la wakati uliopita na ujao, chukua je viens de na je vais, weka kitenzi nyuma yake kama kilivyo kwenye kamusi, maisha yanaenda.

Alafu zile le, la, les, me, te zinazokaa kabla ya kitenzi na kuwachanganya watu. Kwa Mswahili hazina ugeni wowote. Tumeyapima, lile "ya" la magunia limekaa mbele ya kupima, sasa Kifaransa ni on les a pesés, les ndo "ya" lako. Namjua, je le connais. Nawasubiri, je les attends. Nakusikia, je vous entends. Nitakupigia, je vous rappelle. Kiingereza kinaweka nyuma, sisi na wao tunaweka mbele, basi. Hata hii habari ya neno kuwa la kike au la kiume, watu wanaiogopa bure, we una ngeli za kutosha toka umezaliwa, unasema kitabu kizuri, gunia zuri, watu wazuri bila kufikiria, hawa wana mbili tu. Cha kufanya ni kutokariri neno likiwa uchi, usiandike "sac" peke yake, andika un sac (gunia), une facture (ankara), un camion (lori), une avance (advansi), neno na kichwa chake.

Sasa tuje kwenye masikio, maana hapo ndo penye shida yako halisi. Unasema maneno unayajua lakini ukiwasikia hushiki kitu, na mi nakuamini, kwasababu Kifaransa kinachoandikwa na kinachotoka mdomoni ni kama havijuani. Umefundishwa je ne sais pas, sijui, maneno manne yamepangwa vizuri. Mtu mwenye haraka anasema "shepa". Umefundishwa il y a, kuna, mtu anasema "ya" tu. Tu as, una, inakuwa "ta". Ile ne ya kukanusha kwenye maongezi wengi wanaiacha, inabaki pas peke yake: c'est pas cher, sio ghali, j'ai pas reçu, sijapokea. Nous, yaani sisi, nayo kwenye maongezi inasikika kidogo kuliko on, on arrive ni tunakuja, on va voir ni tutaona. Na herufi za mwisho zinakufa, beaucoup unasikia "boku", mpaka neno linalofuata lianze na irabu ndo zinafufuka, vous avez inasikika "vuzave", kitu kimoja, hujui neno la kwanza limeishia wapi. Kwahiyo usitafute maneno kwenye masikio yako, tafuta vipande vizima. Jifunze kipande kama kilivyo, kikiwa na sauti yake, "shepa", "yapadprobleme" (hamna tatizo), "sava" (poa), alafu siku ukitulia ndo uangalie kinaandikwaje.

Nikupe kimoja cha kuwa nacho makini sana kwenye biashara yako, neno plus. Mteja anapiga simu kutoka Bukavu, anauliza y en a encore? Yaani bado zipo? Wewe dagaa zimeisha, unajibu y en a plus. Hapo inategemea umetamka nini: ukisema "plu" umesema zimeisha, ukisema "plus" na s ikasikika umesema zipo zaidi. Herufi moja, gari linatoka Bukavu au halitoki. Wenyewe wanaelewana kwa mazoea, ila wewe mgeni usicheze nayo, kama zimeisha sema c'est fini, kama zipo sema il y en a encore, umemaliza ubishi.

Namba ndo nataka tukae kidogo, maana ndo hela. Na hapa ndo nakujibu lile swali la Kongo au Ufaransa. App yako imekufundisha sabini ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na tisini ni quatre-vingt-dix, nne mara ishirini na kumi, hesabu ya kuumiza kichwa kweli kweli. Hiyo ni ya Ufaransa. Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji mpaka 1960, Rwanda na Burundi wakawa chini ya Ubelgiji mpaka 1962, na Wabelgiji wanasema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, na majirani zetu wamebaki nayo. Themanini wote wanasema quatre-vingts. Kwahiyo mteja wako wa Uvira akisema nonante-cinq kilos anamaanisha kilo tisini na tano, na kama umefundishwa cha Paris tu utadhani ni namba ya simu. We tamka septante na nonante, ni rahisi zaidi na ndo ya wateja wako, ila zile za Ufaransa uzitambue ukizisikia redioni.

Namba zinazochanganya ni hizi: trois na treize, tatu na kumi na tatu. Six na seize, sita na kumi na sita. Deux na douze, mbili na kumi na mbili. Kwenye simu ya mtandao mbovu trois mille na treize mille ni kitu kimoja, na tofauti yake ni elfu kumi. Dawa yake usione aibu kurudia: treize mille, un-trois, c'est bien ça? Elfu kumi na tatu, moja-tatu, ndivyo? Hakuna mfanyabiashara atakayekuona mshamba kwa kuhakiki hela.

Zoezi la namba ni hili na halina gharama. Kila gunia likipanda kwenye mizani, kabla hujaandika kwenye daftari, soma namba kwa Kifaransa kwa sauti ndogo. Cinquante-deux kilos. Quarante-huit et demi. Septante et un. Vijana wa kubeba watakushangaa wiki ya kwanza, ya pili watakuwa wanasema na wao. Usisubiri ujue zote mpaka elfu, we soma zinazokuja, mizani yenyewe itakuletea zote.

Na saa pia, aisee hii imeshawapotezea watu miadi. Je vous rappelle à sept heures, anakwambia mtu wa Bukavu. Sept ni saba, kwahiyo unaweka kichwani saa saba mchana. Hapana. Wao wanahesabu toka usiku wa manane, sept heures ni saa moja asubuhi. Na bado hujamaliza, Kongo mashariki, Burundi na Rwanda wako nyuma yetu saa moja, kwahiyo saa moja yake ni saa mbili asubuhi kwako hapo Kirumba. Akiwa Kinshasa ndo nyuma masaa mawili. Mchana wanaendelea kuhesabu, quatorze heures ni saa nane mchana ya kwao, dix-neuf heures saa moja jioni. Uliza tu heure de Bukavu ou heure de Mwanza? Halafu angalia deux heures na douze heures, moja "dezer" nyingine "duzer", zote kwa haraka zinafanana.

Kwa ujumla basi jifunze kile cha wateja wako. Kuna walimu watakwambia Kifaransa halisi ni cha Paris, mimi sikubaliani nao, sarufi ni ile ile, vitabu ni vile vile, kinachobadilika ni vitu kama hizo namba na majina ya milo, maana Ubelgiji déjeuner ni chai ya asubuhi na dîner ni chakula cha mchana, wakati Paris déjeuner ndo cha mchana na dîner cha usiku, na Mkongo anaweza kufuata ya Ubelgiji, kwahiyo akikualika dîner muulize saa ngapi kabla hujashinda njaa. Samaki nao wana majina yao, sangara wanamuita capitaine, samaki wa chumvi kama kayabo ni poisson salé, wa kukaushwa poisson séché, wa moshi poisson fumé. Dagaa utasikia fretins, Warundi watasema ndagala na hapo hamna Kifaransa tena, mmeelewana kindugu. Vocha ya simu Wakongo wanaita unités, je n'ai pas d'unités, sina salio, hiyo utaisikia sana na wakati mwingine ni kisingizio.

Kuna hazina umeikalia na huijui. Hicho Kiswahili chao unachoongea nao kimejaa Kifaransa. Sikiliza vizuri Mkongo akiongea Kiswahili na wewe, viunganishi vyake vingi ni vya Kifaransa: donc (kwahiyo), mais (lakini), parce que (kwasababu), depuis (toka), alors (basi). Namba anatupia kwa Kifaransa, siku anatupia kwa Kifaransa, "nitakuja lundi" (Jumatatu), "depuis mercredi sijalala" (toka Jumatano). Anakupa neno limeshafungwa ndani ya sentensi unayoielewa, maana yake imejitafsiri yenyewe, hapo hamna cha kamusi wala cha app. Wewe beba kidaftari, neno moja moja ukilidaka andika sentensi yote kama alivyosema, alafu mara ya pili mjibu kwa neno lake: "sawa, lundi". Utaona anavyofungua, atakuongezea mwenyewe.

Matamshi sikuchoshi, mambo mawili tu. R yao inatokea kooni, na wewe unayo tayari, ni ile gh ya ghali na lugha ukiitamka kama mtu wa Unguja. Sisi huku kanda ya ziwa wengi tunasema gali na luga, kwahiyo kwanza jifunze kusema ghali, alafu Paris inakuja yenyewe. La pili ni u. Ukiona u kwenye maandishi ya Kifaransa sio u yetu. U yetu wao wanaiandika ou. Ya kwao unaipata hivi: sema "i", ulimi usiusogeze, alafu kunja midomo kama unapiga mluzi. Kwanini nakusumbua? Kwasababu dessus ni juu na dessous ni chini, tofauti yake ni hiyo sauti tu. Mmesimama nyuma ya lori mnapakia, kayabo inatakiwa ikae chini dagaa ikae juu, mwenye mzigo anasema dessus wewe unasikia dessous, mtashusha mzigo wote upya na wabeba mizigo watataka kulipwa mara mbili.

Salamu sasa. Bonjour kwanza, kila kitu baadae. Hapa Kifaransa na sisi ni ndugu kabisa, huwezi kumfikia mtu na kuanza c'est combien bila kusalimia, ni kama kumuuliza mzee wa Kisukuma bei ya ng'ombe bila mwangaluka. Jioni inageuka bonsoir. Bonne nuit ni ya kwenda kulala tu, nimeshasikia watu wanampokea mgeni saa mbili usiku kwa bonne nuit, mgeni anajiuliza amefukuzwa au vipi. Mteja muite vous, ile "wewe" ya heshima, hata kama umri mnalingana, ile "tu" ya watu waliozoeana subiri akuambie mwenyewe. Na kwa Wakongo mtu mzima ongeza Maman au Papa, bonjour Maman, bonjour Papa, ni heshima kama sisi tunavyosema mama na baba kwa mtu ambaye hata hatumjui. Mliopotezana muda, sisi tunasema "siku nyingi!", wao ça fait longtemps! Dereva akiondoka mpe bonne route. Unayemuacha kazini, bon courage.

Neno litakalokusumbua ni pole, maana pole yetu inafanya kazi zote na wao hawana moja. Mtu amefiwa: toutes mes condoléances. Anaumwa: bon rétablissement. Umemkanyaga: pardon. Umechelewesha mzigo: je suis désolée, na e ya ziada mwishoni kwasababu we ni mwanamke, haisikiki ila ukiandika meseji iweke. Amefika amechoka na safari, pole na safari, hiyo hawana ya moja kwa moja, sema vous devez être fatigué, lazima umechoka, na kiti umpe. Usimwambie désolée mtu aliyechoka na safari, atadhani wewe ndo umeharibu barabara.

Maongezi ya bei yenyewe hayana maneno mengi, yanazunguka hapo hapo. Nikuandikie simu moja ya kawaida, bei ni ya mfano tu:

— Allô, bonjour Maman. C'est pour les fretins, il en reste combien?
— Bonjour Papa. Il en reste quarante sacs.
— Et le kilo, c'est à combien?
— Sept mille.
— Ah non, c'est trop cher. Il faut diminuer un peu.
— Pour vingt sacs, je vous fais six mille cinq cents.
— D'accord, ça marche. Je vous envoie une avance aujourd'hui.
— Merci. Et le reste?
— Le reste à la livraison.

Yaani: yamebaki mangapi, kilo shilingi ngapi, ghali mno, punguza kidogo, kwa magunia ishirini nakufanyia elfu sita na mia tano, poa, nakutumia advansi leo, na iliyobaki, iliyobaki mzigo ukifika. Hii ishike yote kama wimbo, usiichambue. Ukishaijua badilisha namba, badilisha fretins weka capitaine, na una mazungumzo mengi kutoka kwenye moja. Ongezea ya kujiokoa: vous pouvez répéter? Unaweza kurudia? Plus lentement s'il vous plaît, taratibu tafadhali. Ça coupe, inakatakata. Na ile ya mzigo kupungua, il manque deux sacs, magunia mawili yanapungua, hii ujue kuisikia na kuisema maana ndo chanzo cha ugomvi mwingi.

Kuna maneno yanafanana na Kiingereza na yatakudanganya, na hii ni sababu nyingine ya kukiweka Kiingereza pembeni. Monnaie ni chenji, vous avez la monnaie? anauliza una chenji, hakuulizi kama una hela. Demander ni kuomba au kuuliza, hakuna ukali wowote ndani yake. Attendre ni kusubiri. Location ni kukodisha. Actuellement ni kwa sasa. Na ukishiba usiseme je suis pleine, hiyo wanasema ng'ombe mwenye mimba, sema j'ai bien mangé.

Kuhusu kusikiliza kila siku, nakushauri redio kuliko video za mitandaoni. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana idhaa ya Kiswahili na wana taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, dakika kumi, inaitwa Journal en français facile, mtandaoni wanaweka na maandishi yake. Sikiliza kwanza habari za siku hiyo kwa Kiswahili, ujue nini kimetokea, nani kakutana na nani, alafu ndo uweke ya Kifaransa. Ukishaijua habari, masikio yanaacha kuhangaika na maana yanaanza kudaka maneno. Radio Okapi ya Kongo nayo inatangaza kwa Kifaransa na Kiswahili vyote, na hapo utasikia lafudhi ya wateja wako. Weka ukiwa kwenye daladala kutoka Igoma au Nyegezi, ukifika Kirumba unakuta maneno bado ya moto. Na tumia voisi za WhatsApp, muombe mteja mmoja uliyemzoea akurekodie hiyo simu ya bei niliyokuandikia kwa sauti yake na kwa kasi yake, isikilize, jirekodi wewe, linganisha. Dakika kumi kila siku, sio masaa matatu Jumapili.

Mteja akiwa wa Kigali usishangae kijana akikujibu kwa Kiingereza, Rwanda shule zao zilihamia Kiingereza toka 2008. Wazee wao ndo wa Kifaransa.

Cheti mwisho. Kwa kuuza dagaa huhitaji cheti chochote, mteja hatakuuliza. Lakini kama unawaza kazi ya forodha, mizigo, hoteli au shirika, tafuta DELF, ndo diploma ya wizara ya elimu ya Ufaransa, ina ngazi A1, A2, B1 na B2, juu yake kuna DALF C1 na C2. Haina tarehe ya kuisha, tofauti na TCF, mtihani mwingine wa kupima Kifaransa, ambayo inadumu miaka miwili tu, kwahiyo kama huna haraka ya viza au chuo usitupe hela kwenye TCF. Ulizia Alliance Française, kile kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, ya Dar au ya Arusha tarehe za mtihani na ada, mapema, maana usajili unafungwa kabla. Na hulazimiki kupanda ngazi moja moja, unaweza kuingia A2 au B1 bila kuwa na A1, mi ningekwambia A1 iruke. Mtihani una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea, kila moja alama 25, unapita ukifikisha 50 kwa 100 ila usishuke chini ya 5 kwenye sehemu yoyote. Kwa mtu anayeshinda Mwaloni kusikiliza na kuongea kutakubeba, kuandika ndo kutakuangusha, kwahiyo hiyo ndo uanze nayo mapema, kila ankara ya bosi ukishaiandika kwa Kiswahili andika na kopi yako pembeni kwa Kifaransa, tarehe, idadi ya magunia, uzito, avance, reste.